Mbona muvi za alieni hutushika hivyo, na ni wapi zinatupotosha

Tangu ile pete ya chuma ianguke kijiji cha Mukuku kule Makueni tarehe 30 Desemba 2024, maswali ya alieni hayajaisha kwa magrupu ya WhatsApp. Pete yenyewe ilikuwa na upana wa kama mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500, na wataalamu wa serikali wa mambo ya anga wakasema ni kipande cha roketi, lakini watu walikuwa washaamua. Halafu 2025 ikaja 3I/ATLAS, kometi, yaani nyota yenye mkia, iliyoonekana tarehe 1 Julai na darubini iliyo Chile ikija kutoka nje kabisa ya mfumo wa jua letu, basi ikawa stori tena, hiyo ni meli yao, wanakuja, serikali zinaficha. Ilipotukaribia sana, Desemba, ilikuwa bado kama kilomita milioni 270 kutoka hapa, na ikaenda zake.

Sasa mimi nimesikiliza hizi gumzo hapa Kisumu, kwa stage ya boda, kwa kinyozi, hata nje ya kanisa watu wakingojana, na naona watu wakiongea alieni hawaongei juu ya anga, wanaongea juu ya muvi. Mtu akikwambia wakija watachukua maji yetu, hiyo hakuisoma mahali, aliiona kwa skrini. Akikwambia watapiga White House kwanza, ni hivyo hivyo. Na muvi zenyewe nazipenda sana, nimekua nazo, kwa hivyo siji hapa kuzitukana, nataka tu tutenganishe kile zinafanya vizuri na kile zinatupotosha, maana saa hizi vimechanganyika vibaya.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Alieni ni kiumbe chochote chenye uhai ambacho hakikutokea duniani, hata kakiwa kabakteria tu kamejificha chini ya mchanga wa Mars bado ni alieni. Hadi leo hakuna hata mmoja aliyethibitishwa. UFO ni kitu umeona angani na hukukitambua, basi, haisemi kimetoka wapi, na zile taa zinazopita kwa mstari usiku watu wakipiga mayowe ni setelaiti za intaneti, mara nyingi zile za Starlink zikiwa zimetoka tu kurushwa. Na muvi ya uvamizi ni ile ambayo wageni wanakuja kwa nguvu kuchukua kitu, sio kutembea. Nikisema za kitambo namaanisha hasa za miaka ya 1950, pamoja na ile kubwa ya 1996, Independence Day, ambayo karibu kila mtu wa rika langu aliiona.

Shina la zote ni moja. Mwaka 1897 Mwingereza H.G. Wells alianza kutoa hadithi kwa jarida, sehemu kwa sehemu, na 1898 ikawa kitabu, The War of the Worlds. Watu wa Mars wanatua karibu na London, wana mashine za miguu mitatu, wana miale ya joto inayochoma kila kitu na moshi mweusi wa sumu, na jeshi la Uingereza, lile ambalo wakati huo lilikuwa linatawala karibu robo ya dunia kwa mtutu, linapigwa kama watoto. Hakuna shujaa anayewaokoa. Wavamizi wanakufa kwa bakteria za hapa duniani ambazo miili yao haikuzizoea. Ukiiangalia muvi yoyote ya uvamizi utaona hiki kitabu ndani yake, kwa mashine kubwa, kwa jeshi linaloshindwa, kwa mwisho unaotokea mahali hukutarajia.

Lakini kuna kitu kwa sura ya kwanza kabisa ambacho muvi nyingi ziliacha nyuma. Wells anawaambia wasomaji wake Waingereza wasiwe na haraka kuwahukumu watu wa Mars, wakumbuke kile Wazungu waliwafanyia watu wa Tasmania, kisiwa cha kule Australia, ndani ya miaka hamsini. (Wazao wa Watasmania bado wapo hadi leo, Wells aliwaandika kama waliokwisha, lakini pointi yake inaeleweka.) Yaani mwandishi mwenyewe anasema wazi, hii hadithi ni yetu, tumebadilisha tu nani ameshika bunduki.

Na hapa ndipo mimi kama mtu wa huku hushtuka. Angalia miaka. Kitabu kinatoka 1898, na wakati huo huo Waingereza wanapigana na Wanandi, vita vilivyoanza kama 1895 na kuendelea miaka kumi. Reli inafika hapa ziwani, Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, mwezi wa Desemba 1901. Wazee wa Nandi husimulia kwamba Orkoiyot Kimnyole, kiongozi wao wa kiroho, alikuwa ametabiri kabla, nyoka wa chuma atakuja akitema moto na moshi. Mwanawe Koitalel arap Samoei akaongoza vita hadi tarehe 19 Oktoba 1905, siku aliyoitwa kwa mazungumzo ya amani na akapigwa risasi na afisa wa Waingereza, Richard Meinertzhagen. Mashine inayotema moshi, silaha ambayo hujawahi kuona, wageni ambao mazungumzo yao ni mtego na shida yao ni ardhi. Msomaji wa London alikuwa anasoma jinamizi, na kipindi hicho hicho mtu wa Kapsabet alikuwa anaishi ndani yake.

Kwa hivyo mtu akiniuliza mbona hizi muvi zinashika watu wa kila nchi, jibu langu la kwanza ni hilo, kwamba uvamizi ulishatokea. Watu karibu wote duniani wana babu aliyevamiwa au babu aliyevamia, na wengine wana wote wawili.

Jibu la pili ni la wakati. Mwezi Juni 1947 rubani Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa vikipaa kwa kasi karibu na mlima Rainier kule Marekani, magazeti yakalichukua, na wiki chache baadaye yakatangazwa mabaki yaliyopatikana karibu na mji wa Roswell, ambayo hadi leo watu husema ni ya meli ya alieni. Hii ya Roswell bado inazunguka sana kwa hivyo niiseme vizuri, mwaka 1994 jeshi la anga la Marekani lilitoa ripoti kwamba yale mabaki yalikuwa ya maputo ya mradi wa siri ulioitwa Mogul, wa kunasa sauti za majaribio ya nyuklia ya Urusi kutoka juu angani. Serikali kweli ilikuwa inaficha kitu, ila ilikuwa inakificha ili Mrusi asikijue. Na 1949 Urusi ikalipua bomu lake la kwanza. Sasa weka hayo pamoja, watu wanaangalia juu kila siku wakingoja ndege ya adui, wanaambiwa jirani anaweza kuwa mkomunisti, na sinema inawaletea adui wa kutoka juu. Ilikuwa lazima wajae.

Ndiyo maana muvi ya The War of the Worlds ya 1953 ina ile sehemu ambayo jeshi linaangusha bomu la nyuklia juu ya mashine za watu wa Mars, vumbi linatulia, na mashine zinatoka zikiwa nzima. Kwa mtu wa 1953 hiyo ilikuwa ni kuambiwa kwamba kile kitu kinachokulinda na kukuogopesha kuliko vyote hakina kazi. Muvi ilishinda Oscar ya special effects, na ndiyo, ukiangalia kwa makini unaona nyaya zilizobeba zile mashine, lakini mimi hiyo sihesabu kama kasoro. Kwa muvi nyingine ya 1956, Earth vs. the Flying Saucers, fundi aliitwa Ray Harryhausen, na kuna mahali kisahani kinagonga mnara wa Washington unaanguka. Pesa za kubomoa mnara mdogo mbele ya kamera ya kasi hazikuwepo, kwa hivyo alining'iniza vipande vya jengo kwa nyuzi nyembamba, anakisogeza kila kimoja kidogo, anapiga picha, anasogeza tena, anapiga, na filamu hupita picha 24 kwa sekunde moja. Zile sekunde chache za jengo kuanguka ni mkono wa mtu mmoja aliyekataa kushindwa, na mimi naziheshimu kuliko kompyuta nyingi za siku hizi.

Halafu kuna raha yenyewe tu, ya kukaa pamoja. Aliyewahi kuingia video show ya mabati anajua, mabenchi yamebanana, televisheni iko juu kwa kona imefungwa na waya, jua linapenya kwa matundu ya misumari, na sauti ya DJ imefunika sauti ya Wazungu wote. DJ Afro ndiye alifanya hiyo kazi ijulikane nchi nzima, lakini kila mtaa ulikuwa na wake. DJ hatafsiri tu, anawapa wahusika majina, anamwonya steringi, anamtukana alieni kwa niaba yetu. White House ikilipuka kwenye Independence Day watu wanasimama. Na kuna siku mtoto mmoja mbele akageuka akauliza, "Uncle, kwani hao huwa hawakuji Kondele?" Kondele ni mtaa wa hapa Kisumu. Swali zuri sana hilo, nitalirudia kidogo mbele.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni umbali, na muvi huiruka kwa sababu haina raha. Nyota iliyo karibu zaidi nasi baada ya jua ni Proxima Centauri, iko miaka ya mwanga 4.24, hiyo ni karibu kilomita trilioni 40. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa 1977 na kinaenda kama kilomita 61,000 kwa saa, na hata kingeelekezwa huko moja kwa moja kingechukua zaidi ya miaka 70,000. Kwa hivyo yeyote anayeweza kufika hapa ana nguvu ambazo hatuwezi hata kuzipima. Halafu ukiambiwa huyo mtu amefika, ameshuka, anapigana na polisi wa mtaa kwa bunduki, na anashindwa, kuna kitu hakijakaa sawa. Dinosauri walimalizwa miaka milioni 66 iliyopita na jiwe moja la kama kilomita 10. Mwenye uwezo wa kuvuka nyota anaweza kusukuma jiwe, hahitaji kuleta wanajeshi.

Ya pili ni sababu ya kuja. Watu wanasema maji, lakini Europa, mwezi mmoja wa sayari ya Jupita, wanasayansi wanakadiria una maji chini ya barafu yake kama mara mbili ya bahari zetu zote, na hakuna mtu huko wa kukurushia makombora. Wanasema madini, lakini yako kwa mawe yanayoelea angani bila mwenyewe, hata NASA yenyewe ilirusha chombo Oktoba 2023 kwenda kuchunguza moja lenye chuma kingi linaloitwa Psyche. Watumwa? Mwenye meli kama hiyo ana mashine. Kutula? Ndio hapo tunaingia kwa biolojia, na hapo sihitaji kwenda mbali, natoka tu hadi Dunga, hapa ufuoni mwa ziwa Victoria.

Kwa sababu sisi tunaishi kando ya uvamizi wa kweli. Gugu maji lilitoka Amazon, Amerika Kusini, likaanza kuonekana upande wetu wa ziwa kama mwaka 1990, na ndani ya miaka michache ghuba ya Winam ilikuwa kijani, boti haitoki, nyavu hazishuki. Nguvu yake kubwa ilikuwa gani? Lilikuja peke yake, wadudu wanaolila walibaki nyumbani kwao. Ndiyo maana watafiti waliwafuata wale wadudu, aina ya fukusi, wakawaachilia ziwani 1997, na pamoja na mvua na mawimbi ya El Niño likapungua sana, ingawa limerudi mara nyingi. Mbuta naye, yule samaki mkubwa, aliletwa ziwani miaka ya 1950, akatulia, halafu miaka ya 1980 akalipuka na akamaliza fulu, samaki wadogo wa hapa, wa aina nyingi sana, wengine hawataonekana tena. Na mbuta aliweza kwa sababu fulu kwake ni chakula, wametengenezwa kwa kemia moja, tumbo lake linamjua fulu.

Pima muvi na hiyo. Mvamizi kutoka nyota nyingine hana sababu ya kuwa na kemia yetu, kwa hivyo nyama yetu inaweza kuwa haimfaidi chochote, ni kama kutafuna plastiki. Na virusi vyetu pia haviwezi kumwambukiza, maana virusi huishi kwa kuteka mitambo ya ndani ya seli na seli zake sio hizi. Bakteria na kuvu ni tofauti kidogo, hivyo hula chochote vinavyoweza kuvunja, kwa hivyo mwisho wa Wells si wa kijinga vile watu husema. Shida yake ni nyingine. Historia inaonyesha ugonjwa huenda pande zote mbili. Amerika, ndui ilikuja na wavamizi ikawamaliza wenyeji. Afrika Magharibi, malaria iliwaua Wazungu hadi walipopata kwinini. Muvi hutupa sisi tu huo ushindi kila wakati, kana kwamba vijidudu vina upande.

Virusi vya kompyuta kwenye ile ya 1996 ndivyo hunikera zaidi, na nasema hivyo nikiwa naipenda hiyo muvi. Jamaa anaandika programu kwa laptopu yake, anaipakia kwa meli kubwa yenye upana wa zaidi ya kilomita 500, na inakubali. Hapa kwetu programu ya simu ya aina moja haiingii kwa simu ya aina nyingine. Ukifikiria vizuri hiyo ni bakteria ya Wells tu, wamebadilisha ugonjwa wa mwili wakaweka ugonjwa wa mashine, na wazo ni zuri, lakini Wells hakumpa mtu sifa. Kwake wanadamu walikuwa wameshindwa kabisa, waliokolewa na kitu ambacho hawakukifanya. Kwa 1996 kuna hotuba, kuna rubani, kuna bendera, na tarehe 4 Julai. Ile sehemu iliyokuwa inamuuliza mtazamaji babu yako alifanya nini Tasmania imeisha kabisa. Hiyo kwangu ndiyo kasoro ya kweli, kuliko fizikia yote, kwamba muvi ilichukua hadithi ya mvamizi kujiona kwa kioo ikaigeuza hadithi ya mvamizi kujipongeza.

Sasa swali la Kondele. Alieni wa muvi huenda Marekani kwa sababu muvi imetengenezwa huko na mnunuzi wa kwanza wa tiketi yuko huko. Sio siri wala si utabiri. Wells aliwashusha Surrey, mitaa aliyoijua kwa baiskeli. Orson Welles alipoigeuza kuwa mchezo wa redio tarehe 30 Oktoba 1938 akawapeleka New Jersey. Muvi ya 1953 ikawapeleka California. Neill Blomkamp mwaka 2009, na District 9, akawasimamisha juu ya Johannesburg na hakuna aliyesema haiwezekani. Kila mtu huwaleta kwake.

Na kwa vile nimeitaja redio, ile stori kwamba Marekani nzima ilikimbia barabarani usiku ule imetiwa chumvi sana. Uchunguzi wa wasikilizaji uliofanywa usiku huo huo ulipata kama asilimia 2 tu ya waliohojiwa walikuwa wanasikiliza hicho kipindi, wengi walikuwa kwa stesheni nyingine wanacheka na mchekeshaji. Kuna watu waliogopa kweli, lakini magazeti, ambayo redio ilikuwa inayanyang'anya matangazo ya biashara, ndiyo yaliyojaza kurasa na hofu. Kwa hivyo hata ushahidi ambao watu hutoa kwamba binadamu akisikia alieni hupagawa, ni habari iliyotiwa chumvi.

Kama umebaki na nafasi ya kuangalia moja tu, angalia Invasion of the Body Snatchers ya 1956, ya Don Siegel. Haina visahani wala vita. Mbegu zinaelea kutoka angani, zinaota kama maganda makubwa, kila ganda linatoa mtu anayefanana na wewe, na ukilala anachukua nafasi yako. Sura ni ile, kumbukumbu ni zile, ila hahisi kitu. Wengine husema ni juu ya ukomunisti, wengine husema ni juu ya wale waliokuwa wanawinda wakomunisti, na studio yenyewe iliogopa mwisho wake ikalazimisha waongeze mwanzo na mwisho wenye matumaini. Mimi nikiiangalia sifikirii Urusi. Mtu aliyekuwa Nakuru au Kisumu Januari 2008, kwa zile ghasia za baada ya uchaguzi, hahitaji kuelezwa hofu ya jirani ambaye jana mlikopeshana chumvi na leo anakuangalia bila kukujua. Na ndiyo pekee kati ya hizi ambayo swala la umbali haliiangushi haraka, maana mbegu hazina haraka, zinaweza kuelea hiyo miaka 70,000.

Ninachotaka sasa ni ya kwetu. Wanuri Kahiu alishaonyesha 2009 na Pumzi, dakika kama ishirini tu, kwamba Mkenya anaweza kutengeneza hadithi ya kisayansi ikasimama, na ikafika hadi Sundance. Reli ipo, ziwa lipo, gugu lipo, Nandi Hills zipo pale juu zinaonekana kutoka Ahero siku mawingu yakiwa yameondoka, na wazee wanaoijua hadithi ya nyoka wa chuma kutoka kwa baba zao bado wapo wachache wa kuulizwa. Mwenye kamera aanze na hao.